Rangi Iliyokataa Kushika

Maabara ya tishu, chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Wifi je, na yule binti yenu wa maswali mia? Sisi tunapumua. Mgongo unanikumbusha umri, ila kazini naenda. Uniwie radhi kwa kutokupigia simu. Haya nilitaka uyasome ukiwa umeketi.

Uvimbe wa mama shingoni haukusikia zile dawa za kifua kikuu. Wakamkata kipande cha tezi, kikaletwa hapa kwetu. Mimi siruhusiwi kumpima ndugu yangu wa damu, kwa hiyo nikamwachia mwenzangu, yule tunayemwita Chapuchapu.

Kazi yetu uliwahi kuiita upishi, na hukukosea sana. Tunachukua tishu nyembamba kama ngozi ya kitunguu, tunaichemsha, kisha tunaitia kingamwili inayotafuta alama moja tu kwenye seli. Ikiikuta inaing'ang'ania, na tukitia rangi tunapaona hapo pamegeuka kahawia. Ndivyo daktari anavyojua ni seli zipi zimeasi.

Ijumaa asubuhi, kabla daktari hajafika, Chapuchapu aliona slaidi ya mama, kile kioo chenye tishu yake, haina kahawia hata chembe. Furaha ikamzidi, akampigia mama mwenyewe simu kumwambia yu salama. Mama akaoga, akavaa gauni la kijani, akatoka barazani kupiga soga na majirani, jambo ambalo hakulifanya tangu augue.

Nami nikainama kwenye hadubini nifurahi kwa macho yangu. Kando ya tishu ya mgonjwa, kwenye slaidi ileile, huwa tunaweka kipande cha tonsili, tezi ya kooni, ya mtu mwingine, ambacho tunajua kina alama hiyo na lazima kigeuke kahawia. Nacho kilikuwa cheupe. Chombo cha kuchemshia hakikuwa kimepata moto wa kutosha, na rangi haikushika popote. Hatukuwa na jibu lolote.

Sikufichi, nilitamani kunyamaza. Chapuchapu, machozi yakimlengalenga, aliniambia, "Dada, mwache afurahi leo tu." Nikamjibu, "Na kesho nitaanzia wapi kumwambia?"

Nilikwenda nyumbani mchana uleule. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani bila kuwaaga majirani. Moyo uliniuma mno.

Tukarudia kazi yote. Safari hii tonsili ilishika rangi, na tezi ya mama ilikuwa kahawia kutoka ukingo hadi ukingo. Daktari amethibitisha: ni saratani ya zile seli za damu zinazotukinga na maradhi. Anasema ipo dawa inayoilenga alama hiyohiyo tuliyoipaka rangi. Hakuniahidi kupona, ila matibabu yanaanza wiki ijayo.

Mama aliuliza jambo moja tu, "Sasa mna hakika?" Nikasema tunayo.

Mjomba fundi saa anakusalimu. Bado anatengeneza saa za watu na yeye mwenyewe anachelewa kila mahali. Msalimie wifi, mbusu binti yetu. Mungu akusafishie njia na akutie nguvu.

Jana usiku nilimuuliza mama nikuandikie nini kutoka kwake. Akajishika nywele, akafikiri, akasema, "Mwambie aje kabla hazijanyonyoka kwa dawa. Sitaki anipite wodini akinitafuta."

Njoo, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.