Bundi Aliyeuzwa Kabla ya Kufika

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya Soko Kuu,
S.L.P. 118.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zetu, tena nyingi. Hujambo huko uliko? Wifi yangu je, kile kifua kimepona, au bado anakohoa huku akiapa kwamba hakohoi? Na watoto? Nasikia yule mkubwa ameng'oka meno ya mbele. Mwambie shangazi yake pia aliwahi kuwa kibogoyo na akaolewa vilevile.

Sisi huku tu wazima. Mama ana afya njema isipokuwa magoti, nayo humuuma hasa siku zenye kazi asiyoipenda. Shemeji yako mzima, na tumbo lake zima pia.

Najua utashangaa kuona barua ya karatasi. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini mara ya mwisho nilikuandikia habari ndefu ya bomba lililopasuka jikoni, nikatumia nusu saa nzima kuipanga, na wewe ukanijibu kwa kidole gumba. Nilikitazama kile kidole nikakosa la kukifanyia. Kwa hiyo leo kaa kitako usome.

Duka la fremu linakwenda. Msimu wa vyeti vya shule umeisha, sasa ni picha za harusi na za marehemu, na wateja wote wanataka dhahabu pembeni. Ila kazi ya fremu ina siku za kukaa tu na kufuta vumbi kwenye vioo, na mimi kukaa bure sikuzoea, wanijua. Ndiyo maana nimeanza biashara ya pembeni, ya kadi za zamani. Kadi za wachezaji mpira, kadi za magari, na zile kadi za simu tulizokuwa tukichomeka kwenye simu za vibandani. Usicheke. Kuna watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, wanaozitafuta kama dawa.

Nanunua kwenye minada ya mtandaoni, na siri yangu ni hii: sisubiri mzigo. Nikishinda mnada leo, kifurushi huchukua siku kumi au kumi na mbili kufika. Mimi nachukua picha zilezile za muuzaji, natangaza siku hiyohiyo, na kifurushi kinapobisha hodi kila kadi tayari ina mwenyewe. Mara nne nimefanya hivyo na mara nne nimefanikiwa. Jirani yangu mshonaji kila akiniona nacheka na simu ananiambia nisikate mbeleko mwana hajazaliwa. Nilikuwa namjibu kwamba yeye mwenyewe anashona magauni ya maharusi ambao hawajachumbiwa.

Mwezi jana nilishinda fungu la kadi sitini za simu, masalia ya duka la vifaa vya shule lililofungwa zamani. Hamsini na tisa zilikuwa zimetumika, za kawaida tu. Moja ilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya kiwandani, haijaguswa, na picha yake ni bundi.

Unazikumbuka zile kadi za ndege? Zilikuwa kumi na mbili, kila moja ndege wake. Bundi hakununulika. Nani angempigia simu mgonjwa wake kwa kadi ya bundi? Maduka yaliikataa, kampuni ikaiondoa, na leo ndiyo inayotafutwa kuliko zote. Dunia hii akili zake inazijua yenyewe.

Siku ya tatu tu nilikwisha kumuuza. Mnunuzi alikuwa mzee mmoja, fundi wa simu aliyestaafu, mtu wa mji wa mbali kidogo. Alikuwa na ndege kumi na mmoja, akimtafuta bundi mwaka wa kumi na mmoja sasa. Akaniuliza mara tatu kama kweli nailoni haijafunguliwa, nami mara tatu nikamwandikia kwamba haijafunguliwa. Akatuma nusu ya bei, akasema Alhamisi ya wiki inayofuata atakuja mwenyewe kwa basi, maana kitu kama hicho hakitumwi. Nikampa neno langu juu ya kadi ambayo sikuwa nimeitia machoni.

Kifurushi kilifika Jumanne, siku mbili kabla ya mzee. Mimi nilikuwa zahanati, natundika picha kwenye ukuta wa mapokezi. Kilipokelewa na Mama.

Saa sita nikapigiwa simu na mchonga funguo, yule anayekaa mbele ya posta. Akaniambia, "Dada, njoo umchukue mama yako, mimi sijui nimjibu nini." Ndugu yangu, roho ilinitoka. Niliacha nyundo juu ya meza ya wauguzi nikakimbia.

Nimkute wapi! Vibanda vya simu vya posta viling'olewa zamani, kimebaki kimoja, nacho ndimo mchonga funguo alimoweka mashine yake. Mama alikuwa amekaa ndani yake, kwenye kiti cha fundi, amevaa viatu vyake vya kutokea na amejifunga kitambaa kipya. Alikuwa akimwomba yule kijana wa watu asogeze mashine kidogo ili atazame kama simu iko nyuma yake. Na mkononi alikuwa na bundi wangu, uchi wa mnyama. Nailoni alikuwa ameipasua kwa meno.

Nilipandwa na hasira, sikufichi. Nilimwambia Mama maneno ambayo mtu hamwambii mama yake mbele ya mchonga funguo. Nilimwambia ameniharibia jina, ameniharibia biashara, na kwamba ile kadi ni ya mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama kadi haijatumika, si ina hela zake ndani? Alikuwa anataka kukupigia wewe.

Nikamwonyesha simu yake ya mkononi, ile niliyomnunulia, imo humohumo ndani ya mkoba wake na imejaa chaji. Ndipo akaisukuma irudi mkobani.

"Hii ndugu yako anaikata mwenyewe," alisema. "Ile ya kadi ilikuwa inaisha yenyewe."

Nilimpeleka nyumbani, tukala. Nilikumbuka miaka ile ulipoondoka. Kila mwisho wa mwezi Mama ananunua kadi moja, tunakwenda mimi na yeye, mimi nashika mkoba na kutazama uniti zinavyopungua kwenye kile kioo kidogo, yeye anaongea. Hakuwahi kuaga hata mara moja. Kadi ilikuwa ikimkatikia katikati ya neno, naye analimalizia njiani tukirudi, ananiambia mimi ile nusu iliyobaki.

Lakini shida yangu ilikuwa palepale. Ahadi ni deni, na mzee alikuwa njiani. Jumatano, nakuungamia kama mdogo wangu, nilifanya jambo la aibu. Dukani nina mashine ya kubania nailoni kwa moto, ile ninayofungia picha ndogo. Nikaifuta kadi, nikaifunga upya, kingo zikakaa sawasawa. Nikampa shemeji yako aikague, naye aliye hodari wa kuona kasoro za mapishi yangu hakuona kitu. Nikailaza kwenye bahasha, nikajiambia kwamba Mama hajamwaga hata tone, kadi ni ileile, kosa liko wapi?

Alhamisi mzee akaja dukani. Mtu mwembamba, koti limepigwa pasi, albamu yake kaibeba ndani ya mkoba wa ngozi, na ndani ya albamu ndege kumi na mmoja na nafasi moja tupu. Alinawa mikono kabla ya kumshika bundi. Kitinda, alinawa kwa sabuni! Akamtia mahali pake, akafunga albamu, akaifungua tena, akatabasamu peke yake. Nikaona siwezi. Nikamwambia yote, nailoni, meno ya Mama na mashine yangu, nikitazama sakafu kama mtoto aliyevunja kikombe.

Hakunifokea. Ingekuwa heri angefoka. Uso wake ulishuka tu, akamtoa bundi kwenye albamu polepole, akakaa. Kisha akauliza ni nani aliyeifungua na kwa nini, maana hajapata kusikia mtu akifungua kadi ya bundi ili apige simu.

Mama alikuwa amekaa nyuma ya pazia, kwenye mbao zangu, anasikia yote. Akajitokeza. Badala ya kuomba radhi, akamuuliza kama ni kweli aliwahi kuwa fundi wa simu. Mzee akasema ni kweli, miaka thelathini na mmoja. Basi, akasema Mama, nitazamie hizo uniti kama zimo.

Mzee akacheka, nami nikapumua kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili. Kumbe ana kidude alichokiunda mwenyewe cha kusomea kadi zake, hakimwachi hata safarini. Akapasua ile nailoni yangu ya uongo, akachomeka kadi, akainama, akavaa miwani.

"Zimo zote, Mama," alisema.

Mama akauliza ni dakika ngapi, kutoka hapa mpaka huko uliko, kwa bei za siku zile. Mzee akahesabu kwa vidole, akasema kama dakika arobaini hivi. Mama akanyoosha mkono akaichukua kadi, akaitia kwenye mfuko wa miwani yake, akasema haiuzwi.

Usidhani Mama haelewi. Mzee alimweleza vizuri kwamba hakuna simu duniani itakayoipokea tena ile kadi, na Mama akamjibu kwamba hilo analijua, mchonga funguo alikwisha kumwambia. Anachotaka ni kuwa nazo zile dakika.

Nilimrudishia mzee pesa yake palepale. Aliniambia miaka kumi na mmoja imemfundisha kungoja, kisha akaniagiza fremu ya wale ndege wote, kumi na wawili, nafasi ya bundi ibaki wazi. Nimeikamilisha juzi kwa mti mweusi bila dhahabu hata chembe. Ni fremu nzuri kuliko zote nilizotengeneza mwaka huu, na ile nafasi tupu wala haichukizi. Kwa hiyo biashara haikufa, na kuuza kabla ya kupokea sitaacha, mshonaji aseme atakavyo. Ila vifurushi sasa vinakuja dukani, si nyumbani.

Sasa nisikilize, na usinune, maana silaumu. Najua kazi yako, najua unapigiwa na Mama uko kwenye ngazi au uko na mkubwa wako wa kazi, unasema nitakupigia baadaye. Mimi niko naye nyumba moja na si bora kuliko wewe. Tangu Alhamisi ile nimejipima, na sijapata kumsikiliza Mama dakika arobaini mfululizo bila kuinuka kutazama jiko. Kwa hiyo nimeanza. Jioni mbili sasa. Ya kwanza ilinichosha, ya pili nimesikia habari za baba yetu nisizozijua, na sitakuandikia hapa, muulize mwenyewe.

Barua hii ikikufikia, chagua siku usiyo na kazi, funga mlango, mpigie. Akinyamaza usidhani amemaliza, huwa anatafuta pa kuanzia tena. Na usikate wewe.

Shemeji yako anakusalimu na anauliza zile nyembe ulizoahidi. Mchonga funguo anakusalimu ingawa hamjuani, anasema sasa anakujua. Nisalimie wifi na watoto, mmoja mmoja, usiwajumlishe.

Mama naye ameniona naandika, akauliza namwandikia nani. Nikamwambia. Akasema nikuandikie kwamba haumwi, hadaiwi, wala hakuna msiba. Alitaka kuongea tu.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe kazi na muda pia.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fundi wa Fremu