Nilitumwa Nimshushe Kwenye Lori

Mwanangu wa kwanza,

Nakusalimu wewe, namsalimu mkwe wangu, na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linaendeleaje na baridi hii? Ile dawa unaipaka, au umeiweka dirishani ikutazame? Mimi ni mzima. Meno yanapungua, ukali haupungui. Jirani yangu fundi viatu anakusalimu. Bado anakohoa na bado anavuta.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Shule mimi niliiona kwa nje tu, herufi nilizidokoa kwenye madaftari yenu mlipokuwa wadogo, kwa hiyo ukikuta neno limepinda lisome hivyo hivyo lilivyopinda. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu unanikatiza. Karatasi huwezi kuikatiza.

Ulinipa kazi. Uliniambia nimshushe binti yako kwenye lori, kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa naye mji mmoja, na mimi ndiye niliyesimama mdhamini wake siku alipoajiriwa. Ukasema asiposhuka, asikanyage kwako. Sikukupinga. Hata mimi lori lile sikulipenda. Mtoto niliyemuogesha ndani ya beseni, leo anaburuta tela refu kuliko nyumba yangu, halafu anarudi ananuka dizeli hadi kwenye kope. Nikakuambia niachie mimi. Sasa nakuletea majibu, na uyasome ukiwa umekaa.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa naanika nguo tajiri wa malori akanipigia simu. Akanipa shikamoo ndefu, akaniuliza hali, akauliza na miguu. Nikajua kuna jambo, maana mtu yule salamu zake huwa fupi kama kikohozi. Akasema mjukuu wangu ameingia yadi na mzigo wa vigae unaotakiwa kuendelea na safari, lakini ameegesha, amezima gari, amefunga pazia na kulala. Wamemgongea mlango, naye amewajibu mara moja tu kwamba saa zake za kuendesha zimekwisha na sheria inamtaka apumzike, kisha akageukia upande wa pili. Mwenye mzigo amekuja mwenyewe, anatoka jasho. Basi tajiri akaniomba nifike nimwamshe, maana mimi hataweza kunikatalia.

Sikufichi, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo njia imefunguka yenyewe. Nitamwamsha, watakwaruzana na tajiri wake, atashuka kwa hasira, na mwanangu atapata usingizi. Nikaacha nguo ndani ya beseni, nikapanda pikipiki.

Yadi yao ina ukuta mrefu, na kwenye ukuta huo tajiri amechorewa maandishi mekundu yanayomwambia dereva akichoka apumzike, afike salama. Mimi nasoma polepole, herufi moja moja. Kila nilipomaliza neno, nilikuwa namsikia mwenye ukuta anapiga kelele chini yake kwamba pale si gesti.

Madereva walikuwa wamekaa juu ya matairi ya zamani wanacheka. Mkubwa wao, wanayemwita Gia Kubwa, akauliza kwa sauti kama nimemletea mtoto uji. Binti yako wamempa jina la Bi Usingizi, eti kwa sababu kila saa zake zinapofika huegesha pembeni, nao wanampita barabarani wakimpigia honi. Nikamjibu Gia Kubwa kwamba uji upo, ila unaanza kwa wenye meno ya utotoni, yeye akae nyuma ya foleni. Wenzake wakamcheka yeye.

Kabla sijapanda nikamuuliza tajiri kama kweli huyu mtoto hajapumzika. Akasema amepumzika mpaka basi. Usiku kucha amekaa kwenye foleni ya mizani, pale malori yanapopimwa uzito, amekaa tu, hakwenda popote, sasa analala nini tena. Nikamuuliza foleni ilikuwa imesimama au inasogea. Akasema ilikuwa inasogea, kidogo kidogo. Nikamwambia basi mguu ulikuwa kwenye breki na jicho kwenye taa za aliye mbele, usiku mzima. Huko ni kupumzika? Ni sawa na kumwambia mwanamke aliyeshikwa na uchungu kwamba amepumzika kwa kuwa yuko kitandani. Mwenye mzigo akaangalia viatu vyake. Tajiri akasema mama, wewe panda tu.

Ngazi za gari lile zilitengenezwa kwa ajili ya twiga. Mlinzi wa geti ilibidi anisukume kwa nyuma kama gunia la mkaa. Nimemsamehe, lakini kumtazama usoni bado. Nikaita. Binti yako aliposikia sauti yangu akafungua mlango, akanikaribisha, akarudi kulala kabla sijapata pa kushika.

Ungeiona kabini ile. Viatu vimepangwa sambamba, kioo kimefutwa, huoni hata ganda la karanga. Nyumbani kwangu chumba chake hakijawahi kuwa hivyo hata siku moja, na hilo nitamuuliza. Alikuwa kwenye kitanda kile cha nyuma ya viti, mdomo wazi, shuka limemteleza, na vidole vyake vimekunjwa kana kwamba bado vimeshika usukani. Nikanyoosha mkono nimtikise. Nikaviona vile vidole. Mkono ukarudi wenyewe.

Nikampandishia shuka. Kisha nikahamia kiti cha dereva, nikakaa, nikafunga mlango kwa ndani. Hukuwahi kuniambia, mwanangu, kwamba huko juu mtu anaona namna ile. Nilimwona tajiri utosini, kumbe nywele zimehama zimebaki kandokando. Na safari hii yeye ndiye aliyeinua shingo kunisemesha.

Akauliza kwa ishara kama ameshaamka. Nikashusha kioo nikamwambia bado, na mimi simwamshi. Akadhani masikio yangu yamechoka, akarudia kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Nikarudia na mimi. Hapo sukari ikamwishia. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba lori lisipotoka muda ule ule, binti huyo akiamka ashuke na begi lake na asionekane tena, na mimi kama mdhamini niseme moja.

Unaelewa nilipokuwa nimefikishwa? Ningesema sawa, neno moja tu, na kazi uliyonituma ingekuwa imekwisha. Angeshuka bila mimi kugombana naye, na wewe ungenishukuru. Neno lile lilikuja mpaka ulimini, nikalimeza. Nikamwambia tajiri kwamba hashuki mtu. Atalala kwanza, akiamka ataendesha, na kazi ni yake. Kama anataka kumfukuza, amfukuze akiwa macho, amtazame usoni amwambie kosa lake. Mtu aliyelala hafukuzwi.

Basi tajiri akamwita Gia Kubwa, akamwambia apande anitoe, alichukue lori yeye. Akaja. Akaweka mguu kwenye ngazi, akapanda mpaka uso wake ukawa sawa na wangu dirishani. Kwa karibu macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu. Akanitazama mimi, akatazama pazia. Akaniuliza taratibu kama binti alitoka kwenye foleni ile ile aliyokesha yeye. Nikamwambia ndiyo, ile ile, nikamuuliza na yeye amelala saa ngapi. Akashuka, akamwendea tajiri, akamwambia kwamba hata yeye hajafumba jicho, na tangu asubuhi anacheka ovyo ili asianguke kutoka kwenye tairi. Halafu akaenda kwenye lori lake, akafunga machela chini ya tela, akaingia. Mwenzake mmoja akasimama, akajinyoosha, akaenda kufunga ya kwake. Na mwingine. Mmoja wao, ambaye sijui jina lake, akalala palepale juu ya matairi na kofia usoni. Haukupita muda yadi nzima ikawa inakoroma.

Tajiri akamgeukia mwenye mzigo, labda amsaidie kupiga kelele. Mwenye mzigo akajifuta shingo, akauliza kama ina maana yule bwana wa macho mekundu ndiye angepewa vigae vyake. Akasema yeye amenunua vigae, hakununua vipande, kisha akaomba kiti. Tajiri akaingia ofisini, akafunga mlango polepole. Hata yeye alikuwa anaogopa kuamsha watu.

Mjukuu wangu aliamka jua limeshahamia upande wa pili wa yadi. Aliponikuta kwenye kiti chake, kitu cha kwanza aliuliza kama nimegusa gia. Hakuuliza nimekula, hakuuliza nimefikaje. Gia. Nikamweleza yote, pamoja na kwamba kazi yake ilikuwa inaning'inia na mimi ndiye niliyemjibia bila kumuuliza. Akafunga kamba za viatu, kamba ya kwanza, kamba ya pili, mpaka nikaanza kuhofu. Kisha akasema hata yeye angejibu hivyo hivyo, ila kwa adabu zaidi. Akanishusha kama yai. Akanawa uso, akazunguka gari lote akigonga matairi kwa nondo na kusikiliza, akavuta kamba za turubai moja baada ya nyingine, akapanda, akawasha. Tajiri alikuwa amesimama getini. Nilidhani atamzuia. Akamtakia safari njema, kwa sauti ndogo, huku anatazama pembeni.

Hajamfukuza. Radhi pia hajaomba, na mimi siisubiri. Vigae vilifika vizima, na mwenye mzigo amesema mzigo wake unaofuata anamtaka Bi Usingizi. Gia Kubwa naye siku hizi analitamka jina hilo kama cheo.

Kwa hiyo majibu yako ni haya: sikumshusha, na sitamshusha. Tangu siku ile nimetembea barabarani kifua mbele mpaka fundi viatu ameniuliza kama nimebadilisha viatu.

Sasa lililobaki ni letu wawili. Ndiyo maana sikumpa mtu kalamu.

Kuhusu ajali ya lori lako, ulituambia sote kwamba breki zilikatika. Mkeo anasema breki, ndugu zako wanasema breki, na mimi nimesema breki kila nilipoulizwa, sokoni na msibani. Lakini mimi ndiye niliyekaa kando ya kitanda chako hospitali. Hukuwa na fahamu, goti limefungwa, na vidole vyako vilikuwa vimekunjwa vile vile nilivyovikuta kwa binti yako. Na ulikuwa unaongea. Ulikuwa unamwomba tajiri wako wa wakati ule akuruhusu ulale, kidogo tu, ulikuwa unasema, kidogo tu halafu naondoka. Ulimwomba mpaka muuguzi akatoka nje.

Breki hazikukatika. Ulisinzia. Nimelijua tangu siku ile nikanyamaza, nikidhani nakusitiri. Kumbe nilikuacha peke yako ndani ya jambo hilo miaka yote. Nilipokaa juu pale nikimtazama yule bwana anavyofoka, ndipo nilipomwona na tajiri wako wa wakati ule. Wewe hukuwa mzembe, mwanangu. Uliomba usingizi ukanyimwa. Aibu hiyo si yako, na umeibeba vya kutosha.

Binti yako hajui lolote. Hilo ni la kumwambia wewe, si mimi. Ila mimi najua kinachokutisha kila ukisikia yuko barabarani: unamwona ni wewe. Siye. Huyu anaegesha.

Mwisho wa mwezi huu anapeleka mzigo njia ya kwenu, na saa zake zitamwishia karibu na mji wako. Aliniuliza kama kuna mahali pa kuegesha tela refu. Nikamwambia kuna uwanja mpana nyuma ya karakana ya baba yake. Akauliza kama geti litafunguliwa. Nimemwambia litafunguliwa. Usinifanye mwongo.

Msalimie mkwe wangu, mwambie blanketi alilonitumia ni zito na zuri. Wabusu watoto, hata yule asiyependa kubusiwa. Na binti yako akifika mtandikie kitanda cha kweli, zima redio, watoto wakacheze mbali, wewe kaa mlangoni. Usianze kumhoji. Yote mliyonayo mtazungumza akishaamka mwenyewe.

Ni mimi niliyekuzaa na ambaye bado nakufokea,

Mama yako.