Kulwa, Gari Letu Limekimbia

Kulwa,

Mama hajui kwamba nakuandikia. Angejua angelia, na mimi nimechoka kumliza.

Tangu ile homa ikuchukue, nyumba yetu hapa Butimba imejaa woga. Siku ya mazishi kule Magu, shangazi alinishika shavu mbele za watu akasema, "Huyu Dotto naye aangaliwe." Hakuwa na nia mbaya. Lakini neno lile limenikaa. Nikikohoa tu, Mama anakuja kunigusa paji la uso. Nikichelewa kutoka shule, namkuta barabarani. Na mimi naogopa, Kulwa. Tulikuja duniani pamoja. Nani ameniahidi kwamba hatutaondoka pamoja?

Mwalimu wa fizikia aliniita. "Shindano la magari madogo ya mbao liko palepale. Mnamalizia lenu, au nafasi nimpe mwingine?" Alipogundua amesema "mnamalizia", akatazama pembeni. Nikajibu nitamalizia. Sijui sauti ilitoka wapi.

Ulikuwa umeshachonga umbo la gari letu, jembamba mbele, nene nyuma, na tundu la kuingizia kichupa cha gesi ya kulisukuma. Kazi yangu ilikuwa msasa. Ulikuwa ukinicheka, "Dotto, unasugua kama unaosha sufuria!" Safari hii nimesugua taratibu. Nikafunga magurudumu, nikapitisha mshipi wa kuvulia chini ya tumbo lake ili likikimbia lisiache njia.

Jaribio la kwanza... Mwalimu alipotoboa kichupa, gesi ilipiga kelele, ekseli ya nyuma ikakatika, gari likaruka na kugonga ukuta karibu kabisa na kichwa changu. Nilikaa chini. Wenzangu walidhani nimeumia. Nilikuwa nakuita wewe.

Mama alipoona pua ya gari imepasuka, akauliza. Nikamwambia ukweli.

"Nimebaki na mmoja," alisema. "Mmoja, Dotto. Achana na hicho kitu."

Sikumbishia. Nilikaa naye jikoni tukachambua mchele mpaka nikapata ujasiri wa kusema, "Mama, njoo uone mwenyewe."

Nikaziba ile pua, nikaweka ekseli ya spoku ya baiskeli. Na siku ya shindano Mama alikuja kweli. Alikaa mstari wa nyuma, kitenge amekibana mdomoni. Kule si mwalimu anayetoboa kichupa, kila mshindani anafyatua gari lake mwenyewe. Ile kazi ingekuwa yako. Msimamizi aliniita mara mbili ndipo nikasogea. Nikafumba macho, nikafyatua.

Kulwa, sikuliona likikimbia! Nilisikia tu mlio, halafu sauti ya Mama. Nilipofumbua macho, gari lilikuwa mwisho wa mshipi, zima, na Mama amesimama juu ya kiti anapiga vigelegele. Tukavuka mzunguko wa kwanza, ila wa pili vijana wa shule ya Kisesa walitushinda. Lakini mara hiyo nilikuwa nimekodoa macho, nikaliona lote likipita, lile umbo la mikono yako.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Mwezi ujao natimiza miaka kumi na minane, na wewe hutaitimiza. Sijawahi kukutangulia kwa lolote. Naogopa kuipita hiyo siku peke yangu, naogopa mno. Ila nakuahidi nitaipita, na zitakazofuata pia, na Mama nitamshika mkono.

Lala salama, dada yangu. Usiniite bado.

Dotto wako