Tangazo la Nguo

Swalha, weka chini ulichoshika. Roho imenichafuka.

Unamjua Profesa Felisia, anayefundisha Marekani masomo ya Wachicana, wanawake wenye asili ya Meksiko. Haki, kupaza sauti za wanyonge, hotuba ndefu! Si ndiye atakayemchukua Muzdalifa wetu kusomea PhD, shahada ya uzamivu, chini yake? Kaja hapa China, Guangzhou, kwa kongamano, leo kamfanya Muzdalifa mkalimani wake wa Kichina kule mtaa wa Kangle, kwenye karakana ya kushona.

Profesa kamkuta mama wa Kichina kwenye cherehani. Kamshikisha bango la Kiingereza: "Bosi wangu ananinyonya." Eti picha ya jalada la kitabu chake!

Na bosi mwenyewe, laoban, kasimama palepale! Kiingereza hajui hata herufi, anamsaidia kulinyoosha bango lisipinde!

Mama akauliza, "Limeandikwa nini?"

Profesa akasema, "Mwambie ni tangazo la nguo."

Tangazo la nguo, Swalha! Kwa mdomo uleule wa haki!

Muzdalifa akakumbuka barua yake ya kukubaliwa PhD Profesa hajaitia saini. Akatafsiri vilevile. Tangazo la nguo. Yule mama akajitengeneza nywele, akatabasamu, akashukuru.

Picha ishatumwa kwa mchapishaji. Bosi akija kujua, yule mama ana kazi tena?

Muzdalifa yuko bafuni kwangu, anasukutua mdomo mara ya tatu. Simu yake iko hapa mezani, na ujumbe wa Profesa umeingia sasa hivi:

"Barua nimeshaitia saini. Kazi hii unaiweza."