Kitabu Nilichompa Sahra Mbele ya Watu

Garissa, Alhamisi. Joto la leo halina huruma, hata mkasi ukiuacha juani kidogo unaunguza vidole.

Assalamu alaikum nyote mnaonisoma, wa karibu na wa mbali. Mwaonaje hali? Watoto wazima? Aliyekuwa mgonjwa amepata nafuu? Sisi huku tuko salama, Alhamdulillah, ila mvua tunaisikia kwa majirani tu na maziwa ya ngamia yameadimika. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo mgonjwa.

Nina aibu.

Nimekaa nayo tangu Jumamosi kama mwiba wa mgunga kwenye kisigino, kila nikikanyaga nautambua. Nimeona heri niiseme hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipojifanya mjuzi.

Kwa mgeni asiyenijua, mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na kibanda changu kiko karibu na soko. Zamani kidogo niliweka pale rafu ya vitabu vya hadithi ili watoto wanaosubiri kupimwa wasinichezee mikasi. Sikuwa na nia kubwa zaidi ya hiyo. Lakini watoto wakavipenda, na mama zao wakaanza kuniuliza, Mama Ayub, huyu wangu nimtafutie kitabu gani? Nikajibu mmoja, nikajibu wa pili, mwisho nikafungua blogu hii, nikawa nawaambia na nyinyi: gredi ya kwanza hiki, gredi ya nne kile. Mtu akiulizwa mara nyingi huanza kuamini kwamba anajua.

Sasa nisikilizeni.

Jumamosi alikuja Mama Hibo, jirani yangu wa siku nyingi, pamoja na binti wa kaka yake. Binti huyo nitamwita Sahra, jina lake hasa naliacha. Ametoka upande wa Griftu, kule Wajir, ana miaka kumi na mitano. Amekulia nyuma ya mbuzi wa baba yake, na duksi, yaani chuo cha Kurani, amekisoma vizuri kuliko watoto wengi wa hapa mjini. Ukame ulipomaliza mifugo, baba yake akamleta kwa dada yake ili asome. Shule ikampokea, ikamweka gredi ya tatu.

Hapa kwetu hilo si jambo la kushangaza. Mtoto huanza na duksi, halafu mbuzi, halafu mvua ikikataa ndiyo shule. Mimi mwenyewe niliingia darasa la kwanza nikiwa najua kuchunga peke yangu kutwa nzima. Ningepaswa kukumbuka.

Nikampima sare. Mrefu kunishinda mimi, mabega ya mwanamke. Kifuani nikaongeza upana bila yeye kusema neno, maana najua msichana wa umri huo hapendi nguo inayomtangaza. Kwenye nguo nilimwona vizuri sana.

Halafu nikaingia kwenye vitabu.

Kibanda kilikuwa kimejaa. Wasichana wa shule walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja sketi zao. Nikamuuliza Sahra yuko gredi ya ngapi. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni ya tatu. Aliishusha sauti kwa sababu, na mimi nikaipandisha. "Ya tatu! Basi chako ninacho!" Nikainama mpaka rafu ya chini kabisa, nikatoa kile cha kuku aliyekwenda sokoni kununua viatu. Picha kila ukurasa, herufi kubwa kama matofali. Nimewahi kukisifu hapa, mtakumbuka. Nikamwambia asome kidogo, tusikie.

Tusikie!

Akasoma. Alisoma sawasawa, ila polepole, silabi moja baada ya nyingine, kama mtu anayevuka lugga, mto wa msimu, kwa kukanyaga mawe. Msichana mmoja wa gredi ya saba akamgusa mwenzake kiwiko. "Si hicho ndicho nilimpa mdogo wangu wa nasari akakirarua?"

Wakacheka.

Mimi nikatabasamu. Hapa ndipo nilipotaka kuruka, lakini Mola ananiona nikiruka. Halikuwa tabasamu la ubaya. Lilikuwa lile la mtu mzima anayetaka mambo yapite tu. Lakini Sahra hakuwa anawatazama wale wasichana. Alikuwa ananitazama mimi.

Akafunga kitabu, akakiweka juu ya cherehani taratibu, akavuta mtandio mpaka mdomoni, akatoka.

Nikajiambia ni haya ya ugeni tu, atazoea. Nikaendelea kushona.

Sare ilikuwa tayari Jumanne, hakuna aliyekuja kuichukua. Jana Mama Hibo akapita akielekea sokoni, nikamwita. Hata hakuingia, alisimama nje na kikapu chake.

"Sare hiyo mpe mwingine."

"Kwa nini, abaayo, dada yangu?"

"Hataki shule tena. Kuna mama mtaa wa pili anatafuta msichana wa kazi, aanze Jumatatu, na Sahra amekubali. Anasema bora aoshe vyombo vya watu wazima kuliko asome habari za kuku."

Hakuishia hapo. "Mama Ayub, kwenye nguo wewe humuulizi mtoto yuko gredi gani. Unatoa tepu, unampima. Kwenye kitabu tepu ilipotelea wapi?"

Akaenda zake.

Alasiri ile nilisali nikapotewa na hesabu ya rakaa, nikalazimika kusujudu sijda ya kusahau. Kazi yangu yote ni kuwasitiri watu. Mtoto anakuja na gauni limepasuka begani, nashona, anaondoka hakuna anayejua. Na mimi huyo huyo nikamvua nguo binti wa watu mbele ya benchi zima, kisha nikatabasamu.

Kuna jingine ambalo sijawahi kuwaambia. Kwamba niliishia darasa la nane mnalijua, sikulificha. Nililoficha ni kwamba vile vitabu vinene vya vijana, vile ninavyowaambia "kizuri, kina mafunzo", vingi sijavimaliza. Nasoma jalada la nyuma na sura ya kwanza. Kiswahili chake kinanishinda. Nikifika katikati naanza kusinzia, najisingizia macho na uchovu wa cherehani. Kisha nakuja hapa kuwapa ushauri. Nisameheni.

Leo mchana nilifunga kibanda, nikachukua sare, nikachukua na kimoja cha hivyo vinene. Nilifikiri kwa akili zangu kwamba kama kidogo kimemuumiza, kikubwa kitamponya.

Nilimkuta Sahra uani anachambua maharagwe kwenye sinia. Nikakaa chini karibu naye, nikamwambia kwa Kisomali, bila kuzunguka, kwamba nilimkosea na ninaomba anisamehe. Mama Hibo aliacha kufagia. Kwetu mtu wa umri wangu hamwombi msamaha mtoto hivi hivi.

"Haina neno, eeddo," Sahra akasema. Eeddo ni shangazi. Aliniita shangazi huku anaendelea kuchambua maharagwe, na ile heshima iliniuma kuliko matusi.

Nikampa kile kinene. Akafuta mikono, akakifungua, akautazama ukurasa kwa muda, akanirudishia.

"Nisomee."

Nikaanza kwa sauti ya mwalimu. Aya ya kwanza ikapita. Aya ya pili nikakutana na neno silijui, nikaliruka kama ninavyofanya siku zote nikiwa peke yangu. Lakini yeye alikuwa anafuata kwa kidole.

"Eeddo, hili umeliacha."

"Aa, hilo... hilo si muhimu."

"Maana yake nini?"

Niliutazama ukuta. Nilimtazama paka. "Sijui."

Mama Hibo akaangusha ufagio kwa kicheko. "Subhanallah! Kumbe na wewe Mama Ayub ni wa kuku!"

Na Sahra akacheka. Alijaribu kujizuia kwa mtandio, ikashindikana, maharagwe yakamwagika kutoka kwenye sinia. Nikacheka na mimi, machozi yakanitoka, na sikujaribu kujua ni machozi ya nini.

Tulipotulia akawa anaokota maharagwe, na ndipo akaniuliza, bila kunitazama. "Hakuna kitabu cha mtu mkubwa kinachosema polepole?"

Nikamwomba anieleze.

"Cha msichana kama mimi. Awe na mambo yake, na watu wake. Labda amehama, labda ana mtu anamkumbuka. Lakini maneno yawe machache nifike mwisho mwenyewe. Akiwa na mbuzi sawa, ila mbuzi wawe mbuzi. Mimi nimekaa na mbuzi, eeddo. Hawanunui viatu."

Unajua nilifanya nini? Niliapa. Wallahi kipo, nikasema, nitakuletea. Niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kujua kama kitu chenyewe kipo duniani.

Sahra akaichukua sare, akaupitisha mshono vidoleni, akaikunja juu ya mapaja. Hakuijaribu. "Kilete kwanza," akasema.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la vitabu. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Gredi gani, mama?"

Gredi gani. Nilisimama kama niliyepigwa kofi. Nikamwambia ni msichana wa miaka kumi na mitano lakini anasoma kama wa gredi ya tatu. Akakuna kidevu. "Mama, hapo chagua moja." Nikaenda duka la pili, nako nikaonyeshwa sungura.

Nimerudi kibandani nikashusha rafu yangu yote chini, kitabu kimoja baada ya kingine. Chini ni kuku, sungura, bata, na mtoto anayeoga na kupiga mswaki. Juu ni wasichana wa shule za bweni wanaosema maneno yanayohitaji mwalimu pembeni. Katikati hapana kitu. Nimekaa na rafu hii miaka yote, nikiifuta vumbi kila asubuhi, na sikuwahi kuona kwamba katikati hapana kitu.

Nikaanza kuwakumbuka. Wavulana wenye ndevu zinazoanza, walioletwa na shangazi zao kutoka Dadaab kununua sare ya gredi ya nne. Wasichana warefu waliokunja magoti kwenye benchi ili wasionekane urefu. Wote niliwapa kuku. Wakasema asante, wakaondoka kimya, nami nikaja hapa kuandika kwamba watoto wa kwetu wana adabu.

Ee Mola, ni wangapi hawakurudi kwa sababu yangu?

Najua mmoja wenu ataniambia niandike mwenyewe hicho kitabu. Nimejaribu jioni hii kabla ya Magharibi. Niliandika mistari minne kuhusu msichana aliyehama, wa tano ukawa hotuba, na katika wa sita msichana akawa ananisikiliza mimi. Nimeuchana ukurasa wote. Labda siku nyingine, Allah akinipa uwezo. Jumatatu haitaningoja nijifunze.

Huyo mama wa mtaa wa pili si mtu mbaya, na kazi ya mikono si aibu, nimekula kwayo maisha yangu yote. Lakini najua mambo yanavyokwenda. Msichana akishashika ufagio wa nyumba ya watu, hakuna anayekumbuka tena kumuuliza kuhusu shule. Mwaka ujao atakuwa mkubwa zaidi, na gredi ya nne itakuwa ndogo zaidi.

Kwa hiyo leo sina kitabu cha kuwapendekezea. Leo nawaomba nyinyi. Walimu mlioko Wajir na Mandera, mama zangu wa Takaba mnaoniandikia kila mara, vijana wetu mliopata vyuo, mnaofanya kazi kwenye maktaba popote pale: kama unajua kitabu cha Kiswahili cha aina aliyoisema Sahra, niandikie hapa chini jina lake na kinapopatikana. Kiwe chembamba, haidhuru. Kiwe kikuukuu, haidhuru. Ila uwe umekisoma mwenyewe mpaka ukurasa wa mwisho, usinifanyie kama nilivyowafanyia. Na kama unacho nyumbani, nitafute, mabasi yanayokuja Garissa yapo, mimi nitakipokea stendi.

Na kama unajua kwa hakika kwamba hakipo, niambie pia. Nitakwenda kwa Sahra nimwambie ukweli, nikae naye uani, tusome chochote pamoja, wa kuku wote wawili, kama atanikubali.

Nawasalimu nyumbani kwenu, wakubwa na wadogo. Nijibuni upesi, tafadhali. Nataka kubisha hodi kwa Mama Hibo kabla ya Jumatatu.