Sauti Iliyokurudisha Golini

Mjukuu wangu Tumaini,

Wengi hudhani kosa la kipa wa hoki ya barafuni ni kutoka golini. Sivyo. Kosa ni kutoka, kisha kusita. Kipa akiiwahi paki, kile kisahani cheusi cha mpira, huwaanzishia wenzake shambulizi. Akisimama njiani, hana paki wala hana goli. Haya ulinifundisha wewe, ukiwa na miaka kumi na minne, mezani kwetu hapa mtaani Malvern, kwa kopo la chumvi na kifuniko cha soda.

Lakini mimi na baba yako tumekulia kwenye soka. Siku ya fainali ulipotoka kuifuata paki kwenye kona, mjomba wako alicheka, "Kipa wetu anakwenda sokoni?" Mimi sikucheka. Nilisimama nikapiga kelele, "Rudi golini, mama! Rudi!" Kati ya wachezaji wote, ni wewe tu uliyeelewa Kiswahili. Ukatii, ukasimama. Mpinzani akaichukua paki, akaisukuma kwenye goli tupu.

Ndani ya gari baba yako alifoka, "Nani alikutuma kutoka?" Ulinitazama. Nikajifanya natafuta miwani. Ukajibu kwa Kiingereza kwamba hutacheza tena, na hukucheza.

Tangu uhamie mji wa Pickering, wewe na baba yako hamsemezani. Inanikera, Tumaini. Mwendo wa nusu saa umekuwa safari ya miaka minne! Ananikera baba yako kwa ukaidi wake. Unanikera wewe, unayepiga simu ya nyumbani, ukisikia sauti yake unakata. Zaidi ya wote ninajikasirikia mwenyewe: miaka thelathini nilisimama darasani kuwahimiza watoto waseme ukweli, nikashindwa kuusema ndani ya gari.

Jana nilimwambia baba yako. Akaweka kikombe chini.

"Mzee, ni wewe uliyemrudisha?"

"Ni mimi."

Akashuka chini kwenye stoo, akarudi na mfuko wa vifaa vyako. Nilidhani alivitupa zamani. Kumbe vyuma vya viatu vyako amekuwa akivipaka mafuta visishike kutu.

"Angeiwahi ile paki," akasema, bila kunitazama.

Hatakupigia. Ana aibu, na ninamjua, nimemlea mwenyewe. Kwa hiyo leo piga simu ya nyumbani, na akipokea, usikate.

Babu yako