Maneno Yaleyale Matatu

Suji, Jumanne

Bado nimeudhika. Leo kwenye usaili wa ukarani wa ushirika, kule Same, mwenyekiti wa kamati alinitaka nijieleze kwa Kiingereza. Nikasema mimi ni confident, capable na hopeful. Wazee wote wakatabasamu.

Kisha akataka nirudie kwa Kiswahili. "Ninajiamini, ninaweza kazi, na nina matumaini, ndugu mwenyekiti."

Tabasamu zikakatika. Mjomba aliyenisindikiza akakohoa. "Mwanangu, binti hajisifu mbele ya wazee."

Kumbe kwa Kiingereza nilikuwa msomi, kwa Kiswahili nimekosa adabu.

Kazi huenda nimeikosa, na hilo linanitisha. Lakini sikuomba radhi. Nilimgeukia mjomba nikayarudia yote matatu kwa Chasu, Kipare chetu cha nyumbani, polepole, ayasikie vizuri.